Wasanii wa Nairobi na makovu ya ukoloni

MNAMO Machi 2021, wageni waliozuru Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi walikuta ukumbini makabati ya vioo yasiyokuwa na kitu ndani. Kwa desturi, kabati la vioo huwekwa ili mtu aone kitu cha thamani bila ya kukigusa. Haya yalikuwa matupu, na utupu wenyewe ndio uliokuwa ukionyeshwa.

Makabati hayo yalikuwa sehemu ya maonyesho yaliyoitwa "Invisible Inventories", yaani orodha za vitu visivyoonekana. Maonyesho yalitokana na mradi uliowaleta pamoja wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (NMK), kundi la wasanii la The Nest Collective la Nairobi, na kundi la SHIFT lenye wanachama Kenya na Ulaya. Pamoja nao walikuwamo watunzaji wa makavazi mawili ya Ujerumani, Rautenstrauch-Joest la mjini Cologne na Weltkulturen la Frankfurt. Walikuwa wakisaka jibu la swali ambalo mtu angedhani lilijibiwa zamani: ni vitu vingapi vya Kenya vilivyoko ng'ambo, na viko wapi?

Hesabu waliyoipata ilizidi vitu 32,000, katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Humo mna ngao na mikuki, vibuyu, mapambo, vigango vya Wamijikenda, vifaa vya matambiko na vyombo vya kawaida vya jikoni. Idadi hiyo inazihusu tu taasisi zilizokubali kutoa orodha zao, na kwa hivyo ni chembe ya kweli yote.

Jambo moja huwashangaza wengi. Ujerumani haikuitawala Kenya, ukiondoa himaya yake fupi ya Witu kati ya 1885 na 1890, lakini maghala ya makavazi yake yamesheheni vitu kutoka huku. Vilipelekwa na wafanyabiashara, wamishonari, wasafiri na maafisa. Baadhi vilinunuliwa, vingine vikatolewa kama zawadi, na vingine vikachukuliwa kwa mabavu. Mara nyingi daftari la makavazi halisemi ni kipi kati ya hivyo vitatu. Jina la aliyekileta kitu limeandikwa kwa wino mzuri, ilhali jina la aliyekitengeneza halipo.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana. Maafisa wa Uingereza waliitwaa mwaka 1902, na baadaye ikaingizwa katika British Museum jijini London. Kwa Wapokomo, ngadji haikuwa chombo cha kuchezea. Sauti yake iliwaita watu na kuthibitisha mamlaka ya mfalme wao. Wakati makabati matupu yalipokuwa yakionyeshwa Nairobi, ngoma hiyo ilikuwa ingali London.

Si kwamba hakuna kilichowahi kurudi. Mwaka 2006 zilirejeshwa fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa Oktoba 1905 na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen. Mwaka uliofuata vigango viwili, vilivyoibwa katika boma la familia moja ya Pwani miaka ya themanini, vilipokewa kwa shangwe baada ya kupatikana katika makavazi ya Marekani. Lakini hayo ni matone. Wasanii wa Nest na SHIFT walichagua kuonyesha bahari iliyobaki, na kwa kuwa hawakuwa na vitu vyenyewe, walionyesha nafasi zake.

Ukumbi uliotumika nao una historia yake. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon Museum, kumkumbuka Gavana Robert Coryndon. Ndani yake huonyeshwa picha zilizochorwa na Joy Adamson, ambaye mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa wamevalia mavazi yao ya kijadi. Ni picha zilizochorwa kwa ustadi, na leo wazee wengine huzitazama ili kukumbuka urembo uliopotea. Hata hivyo, agizo lililozizaa lilitoka kwa serikali iliyotaka kila kabila liwe na kielelezo chake, kama vile ndege na vipepeo wanavyowekewa vibandiko vya majina.

Chini ya paa hilohilo, msanii Syowia Kyambi, mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Kenya na Ujerumani, aliweka mwaka 2007 kazi ya kudumu iitwayo "Infinity: Flashes of the Past", inayotumia picha za zamani za historia ya nchi. Makavazi yalikuwa yakikarabatiwa wakati huo kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, na yakafunguliwa upya 2008. Baadaye, 2019, Kyambi alibuni mhusika mwenye utundu wa sungura wa hadithini, aitwaye Kaspale, ambaye hujipenyeza katika picha za kikoloni zilizohifadhiwa katika makavazi ya Hamburg. Kaspale hachukui kitu wala kuvunja kitu. Anajitokeza tu mahali asipotarajiwa, na picha iliyodhaniwa kuwa ushahidi inaanza kutiliwa shaka.

Jiji lililogawanywa kwa rangi

Ili kuelewa kwa nini wasanii wa Nairobi hawaliachi suala hili, ni lazima kuutazama mji wenyewe. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Muda si muda ikagawanywa kwa rangi ya ngozi: Wazungu magharibi na kaskazini, palipoinuka na penye udongo mwekundu wenye rutuba, Wahindi Parklands, Ngara na Pangani, Waafrika mashariki, kwenye tambarare, katika nyumba za chumba kimoja zilizokusudiwa vibarua wasio na familia. Kuanzia mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, kitambulisho kilichotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Aliyekutwa bila kipande alishtakiwa.

Mwaka 1922 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande na kodi. Walipigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliofariki.

Kipande kiliondoka, lakini ramani ikabaki. Leo Lavington, Kilimani, Kileleshwa, Westlands na Karen ni mitaa ya wenye nacho wa kila rangi, na huko ndiko yaliko majumba mengi ya sanaa. Kuona Trust, shirika lililoanzishwa 1995 ndani ya uwanja wa makavazi, lilihamia eneo la Hurlingham mwaka 2008, na kwa takriban mwongo mmoja studio zake zikalea kizazi kizima cha wachoraji na wachongaji. Huko ndiko Wambui Kamiru alikowasilisha mwaka 2013, Kenya ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, kazi aliyoiita "Harambee63", akiwarudisha watazamaji katika siku za kuzaliwa kwa taifa. Circle Art Gallery ilifungua milango yake Lavington 2015.

Hapa pana jambo linalokera, na wasanii wenyewe hulizungumza. Mchoro unaosimulia mateso ya kipande hutundikwa mtaani ambako babu ya mchoraji asingeruhusiwa kulala ila akiwa mpishi au mtunza bustani. Kijana wa Kayole au Dandora anayetaka kuuona hulazimika kupanda matatu mbili, na akifika langoni, huulizwa na bawabu anakwenda kwa nani. Kiingilio ni bure, lakini si wengi wanaojua hivyo.

Wa kwanza kulitambua tatizo hili walikuwa watu wa miaka ya sitini. Mwandishi wa Afrika Kusini, Es'kia Mphahlele, alianzisha kituo cha utamaduni cha Chemchemi jijini mwaka 1963. Miaka miwili baadaye, mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanzania, alishirikiana na kina Hilary Ng'weno, Jonathan Kariara na Pheroze Nowrojee kufungua Paa ya Paa, jumba la sanaa lililokuwa mali ya Waafrika wenyewe, katikati ya jiji barabara ya Koinange. Njau alikuwa tayari amejipatia jina kwa michoro yake ya ukutani katika kanisa la St James mjini Murang'a, aliyoichora wakati wa Hali ya Hatari. Humo maisha ya Yesu yanatendeka katika mandhari ya Murang'a, na Yesu mwenyewe ni Mwafrika. Katika miaka ambayo maelfu walikuwa nyuma ya seng'enge, hilo halikuwa jambo dogo. Paa ya Paa baadaye ilihamia Ridgeways, nje ya barabara ya Kiambu, ambako moto wa 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya hazina yake.

Sanamu zinazozungumza

Katikati ya jiji, mvutano na ukoloni umeandikwa kwa mawe na shaba. Barabara ya Kenyatta iliitwa Delamere, na sanamu ya Lord Delamere, kinara wa walowezi, ilikuwa imewekwa hapo hadi ilipoondolewa wakati wa uhuru na kupelekwa Soysambu, katika ranchi ya familia yake. Sanamu ya Malkia Victoria, iliyotolewa na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906, ilidumu katika bustani iliyopewa jina lake hadi 2015, ambapo watu wasiojulikana waliikata kichwa.

Sanamu moja ya wakoloni ilisalia, nayo ni ya Waafrika. Ni ile ya askari na mpagazi katika barabara ya Kenyatta, iliyozinduliwa 1928 na kuchongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyetengeneza pia ile ya Askari jijini Dar es Salaam. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walifariki katika vita vya 1914 hadi 1918 kwa njaa, kuhara na malaria, wakibeba mizigo ya jeshi kuelekea Tanganyika. Jina la kikosi chao, lililotamkwa na wenyeji kama Kariakoo au Kariakor, likawa jina la mitaa na masoko. Sanamu inawatukuza kwa jumla, lakini hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina.

Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu Dedan Kimathi anyongwe katika gereza la Kamiti, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu yake katika barabara iliyoitwa Hardinge zama za ukoloni na ambayo sasa ni ya Kimathi. Mchongaji alikuwa Kevin Oduor. Ikumbukwe kwamba marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa na Waingereza, iliondolewa 2003 pekee. Yaani kwa miaka 40 ya uhuru, waliopigania ardhi na uhuru walikuwa bado wanachama wa kundi haramu kisheria.

Anayetaka kuielewa kazi ya Oduor na aikumbuke picha ambayo serikali ya kikoloni iliisambaza Kimathi alipotekwa Oktoba 1956. Humo amelala chini, amejeruhiwa, amefungwa pingu, na wanaomtazama wako juu yake. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo iliyokuwa sura yake ulimwenguni. Oduor alimnyanyua. Kimathi wa shaba amesimama wima, amevalia kijeshi, bunduki mkono mmoja na sime mkono mwingine, na mpita njia ndiye anayelazimika kuinua macho. Wapo waliolalamika kwamba uso haufanani naye. Lakini aliyeagiza picha za kufananisha nazo alikuwa nani, kama si adui yake?

Sanamu nyingine ya Mau Mau, iliyoko Uhuru Park, ilizinduliwa Septemba 2015. Gharama yake ililipwa na serikali ya Uingereza kufuatia mapatano ya 2013, ambapo waathiriwa 5,228 walifidiwa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyotendewa kizuizini. Inamwonyesha mwanamke akimkabidhi mpiganaji chakula, na hawatazamani. Ndivyo ilivyokuwa msituni: usimwone uso anayekulisha, ili ukikamatwa na kuteswa, usiwe na jina la kutaja. Kwamba aliyetesa ndiye aliyelipia mnara ni jambo lililowagawanya watu. Kwa wengine ni ungamo. Kwa wengine ni njia nafuu ya kukwepa msamaha kamili. Hata Mfalme Charles alipozuru Nairobi kati ya Oktoba na Novemba 2023, alieleza masikitiko na majuto makubwa, lakini hakuomba radhi rasmi.

Kambi zenyewe za kizuizini zimetoweka au kugeuzwa shule na magereza. Ndiyo maana kundi la Museum of British Colonialism, lililoanzishwa 2018 na Wakenya na Waingereza, akiwemo mwanahistoria Chao Tayiana Maina, lilianza kuzijenga upya kwa kompyuta. Kambi za Mweru na Aguthi, kwa mfano, zimechorwa kwa vipimo vitatu kwa kutumia kumbukumbu za waliofungwa humo na mabaki yaliyosalia. Hii nayo ni sanaa, ingawa ina sura ya ramani.

Gome la mti na marobota ya mitumba

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984 na kusomea London, hachori juu ya turubai. Anachora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mtuba ambacho Waganda hukiandaa kwa kulilowesha na kulipiga gome kwa nyundo za mbao. Lubugo ni nguo ya heshima na ya mazishi. Enzi za ukoloni ilisukumwa kando na pamba, lakini UNESCO iliitambua ufundi wake mwaka 2005. Armitage hakukutana nayo ikuluni Buganda. Aliikuta katika soko la watalii jijini Nairobi, ikiuzwa kama kumbukumbu za safari.

Kitambaa hiki kina matundu na mishono, na msanii huiacha ionekane. Kwa hiyo wachoraji wa Ulaya anaowajibu, kama vile Gauguin aliyewachora wanawake wa visiwani kama matunda ya kuchumwa, hujibiwa juu ya ngozi yenye makovu. Mojawapo ya michoro yake ya 2015 inahusu wanawake waliovuliwa nguo hadharani Nairobi mwaka 2014, na mkao wa mwanamke aliyemchora umetokana na mchoro mashuhuri wa Velázquez. Armitage pia ndiye mwanzilishi wa Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi ya mwaka 2020 iliyofungua ukumbi wake Rosslyn mwaka 2022 kwa maonyesho ya Sane Wadu, mwalimu wa zamani aliyeacha chaki akashika brashi.

The Nest Collective nao, mwaka huo wa 2022, walialikwa Kassel, Ujerumani, katika maonyesho makubwa ya documenta. Walipeleka mitumba. Katika bustani ya Karlsaue walijenga kibanda kwa marobota ya nguo kuukuu na kukiita "Return to Sender", yaani mzigo unarudishwa kwa aliyeutuma. Mkenya yeyote aliyewahi kuchagua shati Gikomba anaelewa mara moja. Nguo ambazo Ulaya imezichoka hufika Afrika kama biashara, na zile zisizovalika huishia jalalani na mitoni. Hakuna gavana wala bendera katika biashara hii, lakini mwelekeo wa mzigo ni uleule: malighafi na hazina ziliondoka, masalio yakarudi.

Wapo pia wanaodai ukoloni umebadilisha tu lugha. Michael Soi alichora mfululizo mrefu kuhusu China na Afrika, kwa rangi kali na kejeli isiyomsaza mwanasiasa. Alipata kisa kingine 2013 na 2015, banda la Kenya katika maonyesho ya Venice lilipojazwa kazi za wasanii wa Kichina na Kitaliano, Wakenya wakiwa wachache mno. Wasanii walipaza sauti, Soi akachora aibu hiyo, na mwaka 2015 serikali ikalikana banda lililobeba jina la nchi. Kufikia 2022 Kenya iliwakilishwa Venice na Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai, Dickens Otieno na Wanja Kimani.

Nani analipa?

Swali gumu zaidi ni la fedha. Kwa miaka mingi, msanii aliyetaka ukumbi wa bure katikati ya Nairobi alibisha hodi kwa Alliance Française, barabara ya Loita, au kwa jirani yake, Goethe-Institut, katika Maendeleo House. Mradi wa makabati matupu wenyewe ulifadhiliwa na Ujerumani. Kumlaumu msanii kwa hilo si haki. Serikali ya Kenya haijawahi kujenga jumba la taifa la sanaa ya kisasa, na pale raia mmoja alipojitolea kuanzisha chake, ilimwangusha.

Raia huyo ni Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966. Alikusanya maelfu ya vitabu na vitu vya sanaa, akakataa fedha nono za wageni, na katika miaka ya sabini akaiuzia serikali mkusanyiko huo pamoja na nyumba yake ya Muthaiga ili pawe taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikujengwa. Nyumba ilibomolewa. Murumbi alifariki 1990, akazikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto.

Mkusanyiko ulinusurika. Sehemu yake imo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, barabara ya Moi, jengo lililokuwa benki. Hatua chache kutoka hapo, katika barabara ya Banda, ipo maktaba ya McMillan iliyojengwa 1931 na kuwafungia milango Waafrika hadi 1958. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka mwaka 2017, lilijitwika kazi ya kuifufua, na juhudi hizo zikawa kiini cha filamu "How to Build a Library" ya mwaka 2025.

Sehemu nyingine ya hazina ya Murumbi huonyeshwa Nairobi Gallery, pale Uhuru Highway inapokutana na barabara ya Kenyatta. Jengo hilo dogo la mawe, la mwaka 1913, lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambako wakazi walikwenda kuandikisha watoto wao, ndoa zao na wafu wao. Vinyago na nguo za Afrika nzima sasa vimejaa vyumba vya makarani, na nje yake kuna alama ambayo Waingereza waliitumia kupimia umbali wa kila mji nchini.